Herufi za 9H hazifuti kodi ya ndege

Juzi tena. Mteja kanipigia: "Wakili, hii ndege tuiandikishe Malta, tusilipe kodi." Nimeijibu kauli hiyo mara nyingi mno kwenye simu. Leo naijibu kwa maandishi.

Herufi zilizochorwa ubavuni, 9H kwa ndege za Malta, ndizo uraia wa ndege. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema hivyo, tena unakataza ndege kusajiliwa kihalali nchi mbili kwa pamoja. Nchi ya usajili ndiyo inayotoa cheti cha kufaa kuruka na kuzikubali leseni za marubani. Kodi ina maswali yake: ndege imeingizwa wapi, anaitumia nani, kwa kazi gani. Ukiileta Dar es Salaam ikiwa na 9H, forodha watataka nyaraka zilezile. Wapo wanaopanga umiliki wao kwa kuangalia kodi, sikatai, lakini hiyo ni kazi ya kampuni na mikataba, si ya herufi.

Sasa wageni wanafuata nini kwenye nchi ya kilomita za mraba 316? Wanafuata sheria ya usajili wa ndege ya 2010, na ukiisoma vizuri utaona aliyefikiriwa zaidi ni benki iliyotoa mkopo.

Kwanza, anayeruhusiwa kusajili si mwenye ndege peke yake. Hata mwendeshaji, au mnunuzi ambaye hajamaliza kulipa, anaweza. Marekani kwa mfano inadai uraia au ukaazi wa kudumu, ndiyo maana wageni wengi huko hupitia kwa wadhamini wanaoishika ndege kwa niaba yao. Hili silirefushi.

Pili, rehani. Rehani iliyosajiliwa Malta ina nguvu ya hukumu. Mkopaji akishindwa kulipa, benki haianzi kesi ya kuthibitisha deni. Inatoa notisi, inaichukua ndege, inaiuza au kuikodisha. Na mwenye ndege akifilisika, ndege inahesabiwa kama fungu la kando katika mali zake: wanaoidai ndege yenyewe wanalipwa kutoka kwenye fungu hilo kabla ya wadai wengine. Mtindo huu ni wa mabaharia, Malta waliuzoea kwenye meli zamani.

Tatu ni injini, na hapa ndipo watu wanaponichosha. Wanadhani injini ni sehemu ya ndege kama mlango. Injini moja ya ndege ya abiria ni mamilioni ya dola. Leo inafunguliwa kwenda matengenezo, na kwenye bawa inafungwa ya kukodi kutoka kampuni nyingine. Wiki hiyohiyo mwenye ndege anafilisika. Mfilisi anakuta ndege nzima imesimama uwanjani, na sheria ya kawaida inaweza kumwambia kwamba kilichofungwa kwenye kitu ni cha mwenye kitu. Itifaki ya Cape Town ya 2001, makubaliano ya kimataifa kuhusu dhamana za ndege na injini, inakataa: kufungwa au kufunguliwa hakubadilishi umiliki wa injini. Kenya iliingia Cape Town 2006, Tanzania 2009, kwa hiyo tofauti haiko kwenye saini. Malta waliandika sheria yao ya ndani ifuatane na itifaki hiyo, na daftari lao lina nafasi ya kuandika injini ni ya nani. Mkopeshaji akisoma ukurasa ule hupunguza hofu, na hofu ikipungua, mkopo hupatikana kwa urahisi zaidi.

Kuna jambo moja linaloninyima raha. Machi 2022, Bermuda, kisiwa chenye watu wasiofika 70,000, kilikuwa na ndege zaidi ya 700 kwenye daftari lake zinazoendeshwa na Warusi. Usimamizi wa usalama kilikuwa kimewaachia Warusi wenyewe kwa makubaliano, na kifungu cha 83 bis cha Chicago kinaruhusu. Vikwazo dhidi ya Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine vilipokuja, Bermuda ikasema haiwezi tena kuthibitisha usalama wa ndege hizo, ikasimamisha vyeti vyake. Urusi ikatunga sheria ya kuzisajili kwake, na nyingi zikaendelea kuruka. Waliozikodisha walikuwa na karatasi zote ninazoandaa mimi kila siku: rehani, idhini ya mkopeshaji kuomba usajili ufutwe, kila kitu. Ndege nyingi hazikurudi.

Kwa hiyo mteja wa juzi nilimuuliza kwanza ndege italala kiwanja gani usiku, nchi gani. Hakuwa na jibu. Faili lake bado liko mezani.