Kufinyanga buti kwa joto si kubadili ukubwa wake

Juzi nimeyasikia tena. Mtu ananunua mabuti yake ya kwanza ya skii, yaani ya kutelezea kwenye theluji, amesimama nayo, anasema yako sawa kwa sababu hayamgusi popote. Mwenzake anamhakikishia: "Chukua hayohayo, yatafinyangwa kwa joto, yatakushika." Yalikuwa makubwa kwake, na hilo lilionekana kwa macho: kisigino kilipanda kila alipokunja goti. Sikuwajua, nikanyamaza. Lakini maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara "kufinyanga kwa joto" hubebeshwa kazi isiyo yake.

Maana yenyewe ni fupi. Kufinyanga buti la skii kwa joto ni kulipasha moto mpaka sponji au plastiki yake ilainike, kulivaa likiwa bado laini, kisha kutulia nalo mguuni mpaka lipoe na kushika umbo la mguu huo. Buti la skii lina sehemu mbili: gamba gumu la nje lenye bizimu, na bitana, ambayo kwa kweli ni kiatu kizima laini kinachochomoka. Mara nyingi kinachofinyangwa ni bitana. Bitana za sponji ya EVA, aina ya plastiki laini, hupashwa kwa hewa moto au ndani ya oveni, kwenye nyuzijoto 100 hadi 120 hivi za Selsiasi, kwa dakika kumi hivi. Magamba mengine nayo hufinyangika. Kampuni ya Fischer ya Austria, kwa mfano, ilibuni mfumo uitwao Vacuum, ambao gamba lilipashwa mpaka nyuzijoto 80 hivi, kisha likabanwa kwa nje kwa mifuko ya hewa huku mguu ukiwa ndani.

Basi, hiyo ndiyo maana. Sasa neno.

Finyanga ni neno la mfinyanzi, na nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea bila kujua. Mfinyanzi hulainisha udongo kwa maji, huupa umbo kwa mikono, na moto huja mwishoni kulifunga umbo hilo. Chungu kikishachomwa hakirudi kuwa udongo. Ndiyo maana wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mtu mwenye picha hiyo kichwani akisikia "kufinyanga kwa joto" huamini kwamba moto ndio unaotengeneza buti, kwamba likitoka kwenye oveni kazi imekwisha.

Kwa buti mambo ni kinyume kabisa. Moto ndio maji yake, na kupoa ndiko kuchomwa kwake. Sponji ya EVA na plastiki za gamba ni za jamii ya thamoplastiki, yaani hulainika zikipashwa na hukaza zikipoa, na ukizipasha tena zitalainika tena. Oveni haitengenezi umbo lolote. Inalifuta tu lililokuwapo. Umbo jipya linazaliwa katika zile dakika kumi au kumi na tano za kusimama, bizimu zimefungwa kiasi, kisigino kimesukumwa nyuma kabisa, ncha za mabuti zimeinuliwa kidogo ili kisigino kikae mahali pake. Anayevua mapema kwa sababu shavu la mguu linauma, au anayezungukazunguka kuangalia bidhaa nyingine wakati huo, anaondoka na bitana iliyoshika umbo la kuzungukazunguka. Nimeona watu wakiisimamia oveni kwa makini yote na kuipuuza hatua ya kupoa, na huwa nasikitika, maana walikuwa wamelipia hatua hiyo hasa.

Iko aina moja inayofanana na chungu kweli. Ni bitana ya kuingiziwa povu: kemikali mbili huchanganywa na kumiminwa ndani ya bitana mguu ukiwa humo, zinafura, zinaganda, na hazirudi nyuma tena. Hapo anayeganda vibaya ameganda. Watu huiita nayo "kufinyangwa kwa joto" kwa sababu mguu huhisi vuguvugu la kemikali zikishikana. Si jina lake. Joto pale ni matokeo ya kazi, na katika bitana ya EVA joto ndilo chombo cha kazi.

Neno la pili linalonivutia zaidi ni kalibu. Gamba la buti hutoka kwenye kalibu: plastiki iliyoyeyuka husukumwa ndani yake kwa shinikizo, ikapoa, ikatolewa. Kalibu tumelipata kwa Waarabu, qalib, na wataalamu wa asili ya maneno hulifuatilia mpaka kwenye Kigiriki, kalapous, yaani mguu wa mti. Ulikuwa ni ule mguu wa mbao ambao mshona viatu huuzungushia ngozi. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa madini na plastiki lilianzia kwenye kiatu, likatembea duniani karne nyingi, na linapotumika kwenye buti la skii linakuwa limerudi nyumbani. Kifaa chenyewe cha mshona viatu tunakiita foroma, ambalo ni la Wareno.

Nalitaja hili kwa sababu foroma ndiyo inayoeleza buti lako kuliko oveni yoyote. Ukiona buti limeandikwa milimita 98, au 100, au 102, huo ni upana wa foroma yake sehemu ya mbele ya wayo, na kwa kawaida hutajwa kwa ukubwa wa 26.5. Kiwanda kilichagua foroma hiyo kwa kukisia mguu wa watu wengi. Wako haukuwapo. Kiatu cha kupimisha ni jambo jingine: fundi huanza na mguu wako, akachonga foroma, kiatu kikafuata. Katika kufinyanga kwa joto kiatu kimeshakuwapo, na mguu unaletwa kupatana nacho. Kuyaita yote mawili "buti la kipimo chako" ni kuwachanganya watu wanaotoa pesa zao.

Kupatana huko kuna mipaka, na mipaka hiyo ndiyo jambo ninalotamani lingesemwa kabla ya buti kuingia kwenye oveni. Joto linaweza kumpa nafasi mwenye mfupa wa kifundo uliotokeza, au mwenye kivimbe kando ya kidole gumba. Fundi hubandika vipande vidogo vya sponji kwenye sehemu hizo na kuvika vidole kikofia kabla ya mguu kuingia, ili bitana ipoe ikiwa imeacha nafasi pale. Tunazungumzia milimita chache. Joto haliongezi urefu wa gamba wala halipunguzi. Soli ya chini ya gamba haiguswi kabisa, kwa sababu vipimo vyake vinafuata viwango vya kimataifa kama ISO 5355, na kifunga kinachoshika buti kwenye skii hutegemea vipimo hivyo ili kiachie mguu unapoanguka. Gamba likibana mahali pamoja, fundi hupasha pale pale na kusukuma plastiki nje kwa chuma, au hukwangua kwa ndani. Kusukuma nako kunatumia joto, lakini ni kazi ya nukta moja, na hufanywa vyema zaidi baada ya siku chache mlimani, mguu ukishasema wenyewe unaumia wapi.

Ukubwa huja kabla ya hayo yote. Nambari ya buti la skii ni Mondopoint, yaani urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa milimita 265 ni 26.5. Watu hubishana kuhusu nusu, wachukue 26 au 26.5, na mara nyingi gamba ni lile lile. Kinachotofautiana ni soli ya ndani au bitana. Kipimo cha kweli ni kuchomoa bitana, kuweka mguu ndani ya gamba tupu, kusogea mbele mpaka vidole viguse, kisha kutazama nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Kati ya sentimita moja na mbili ni sawa kwa wengi. Ikizidi hapo, hakuna oveni itakayokusaidia, kwa sababu bitana ni sponji, na sponji husinyaa kwa kutumika. Buti lililokuwa raha tupu dukani ndilo litakalokuwa kubwa baada ya siku kumi za mlima.

Haya nilijifunza kwa miguu yangu. Mabuti yangu ya kwanza yalinizidi kwa nambari nzima, na bitana yake ilifinyangwa vizuri tu. Siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha kisigino kikaanza kuelea, nami nikawa nakaza bizimu za juu ya wayo ili nikizuie, na kadiri nilivyokaza ndivyo vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, maana pale juu ya wayo ndipo mshipa wa damu unapopita. Nililaumu baridi, nikanunua soksi nene, nikaharibu zaidi. Mguu ulikuwa unateleza ndani ya buti, na kila nilipoegemea mbele kupinda, muundi ulikuwa unasafiri kwanza kabla ya skii kusikia chochote. Huo ndio uhusiano wa starehe na uwezo ambao watu huutenganisha. Mguu ukishikwa sawasawa kisiginoni na kwenye kifundo, bizimu hazihitaji kukazwa sana, damu inapita, na skii inageuka pale unapoiambia igeuke.

Buti la ukubwa sahihi, kabla ya kufinyangwa, litakugusa. Ukisimama wima vidole vitagusa mbele; ukikunja magoti na kuegemeza muundi, kisigino kitarudi nyuma na vidole vitapata nafasi. Wengi huvua kabla ya kufika kwenye kukunja magoti, wakasema dogo hili.

Yule bwana wa juzi na mwenzake hawakukosea kutaka mabuti yafinyangwe. Ni hatua nzuri, nami yangu nimeyafinyanga. Ningependa tu sentensi ya mwenzake iwe imegeuzwa: "Chomoa bitana kwanza, tuone nyuma ya kisigino pamebaki kiasi gani. Kama panatosha, yatakubana kidogo hapa na hapa, na hapo ndipo yatakapofinyangwa."