"Nitaongeza baadaye": dhana potofu kuhusu nyumba ndogo ya kupanua

Vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Vingine Mungu akijalia. Nyumba nyingi za Goba, Chanika na Kibaha, kandokando ya Dar es Salaam, zilianza hivyo, na hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye yale tunayoaminishana kabla fundi hajafunga kamba kiwanjani.

Dhana: Nyumba ndogo haihitaji ramani kubwa.

Ukweli: Inayochorwa kwanza ni nyumba ya mwisho, inayojengwa kwanza ni kipande chake. Shangazi yangu hakuliwaza hilo. Watoto walipokua akaongeza chumba cha tatu kwa nyuma, na njia pekee ya kukifikia ikawa kupita chumbani kwake. Kijana wa miaka 19 akichelewa kurudi, anamgongea mama yake ili apite akalale. Kumbe ingetosha korido iishie kwenye dirisha lenye upana wa mlango, sentimita 90 hivi. Siku ya kuongeza, unang'oa dirisha, unabomoa matofali ya chini yake, mlango umepatikana. Linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, iko tayari, hakuna anayegusa sehemu ya ukuta inayobeba paa.

Dhana: Msingi mpya utaungwa tu na wa zamani.

Ukweli: Wa zamani umeshatulia, mpya bado unashuka. Ukizifungamanisha kuta za misingi hiyo miwili kwa meno ya matofali, yaani matofali ya ukuta mmoja yaingie kwenye mwingine, ufa utajichora pale pale zinapokutana. Kwenye udongo wa mfinyanzi, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, usishangae ukiuona mapema. Fedha ikiruhusu, jenga msingi wote leo. Isiporuhusu, ziache kuta mbili zisimame mbalimbali, mwanya wa sentimita 2 ujazwe kitu laini na kufunikwa. Fundi atasema unaharibu urembo. Mwache aseme.

Dhana: Nondo zikichomoza juu ya nguzo, ghorofa ni suala la muda.

Ukweli: Ni kweli pale tu mhandisi alipoupigia hesabu msingi ubebe sakafu ya pili. La sivyo ni pambo. Tena Kigamboni, kwenye upepo wa bahari, nondo zilizoachwa wazi huliwa na kutu. Zifunikwe kwa zege hafifu litakalobomolewa baadaye.

Dhana: Kujenga kwa awamu ni mtindo wa waliokosa.

Ukweli: Waulize Lamu, ambako binti akiolewa wazazi waliweza kumwongezea ghorofa juu, au kuvusha chumba juu ya kichochoro, ile wikio. Na huko Iquique, Chile, mwaka 2004, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walizijengea familia 93 nusu nyumba kwa makusudi. Wakachagua nusu ngumu: jiko, bafu, ngazi na kuta za kutenganisha majirani. Nusu nyepesi familia zikajaza zenyewe. Mimi ningefuata mpangilio huo huo hata Chanika: fedha ya kwanza iende kwenye maji na msingi, marumaru isubiri.

Paa nalo lisikufunge. La migongo miwili, yaani linaloteremka pande mbili, hurefushwa kwa kuongeza kenchi na bati upande wa ncha. La migongo minne, linaloteremka pande zote nne, itabidi livuliwe upande mzima.

Na kabla ya kuchimba shimo la choo, piga vigingi kwenye pembe za vyumba ambavyo bado havijajengwa. Shimo lichimbwe mbali na vigingi hivyo, mahali ambapo gari la kunyonya litafika.