Ukiandika "nakshi za kuvutia" nitakurudishia

Kila Alhamisi baada ya alasiri wanafunzi watano sita huja barazani kwangu, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, na makala zao za jarida la chuo. Uhariri ndio kazi iliyonilisha miaka yote, basi hunitaka niwasahihishie. Kalamu nyekundu huanzia sentensi ya kwanza: "Lamu ni mji wenye utamaduni tajiri." Naikata yote. UNESCO iliuorodhesha mji wetu wa kale mwaka 2001. Hauna haja ya cheti kingine kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Juzi binti mmoja aliniletea makala juu ya nyumba za mawe. "Vyumba vya kipekee," kaandika. Upekee wake nini? Kimya. Nikamtuma kwa shangazi yake, anayekaa nyumba ya namna hiyo, akapime msana, kile chumba kirefu cha ndani, kwa hatua zake mwenyewe. Akarudi: urefu hatua kumi na mbili, upana nne. Haya, mbona chumba kirefu hivyo na chembamba hivyo? Inua kichwa utazame dari. Zile ni boriti za mikoko, na zikipita mita 3 hivi hazihimili tena uzito wa mawe na chokaa vilivyolala juu yake. Akaandika: "Upana wa chumba uliamuliwa na mti, urefu ukaachiwa mwenye nyumba." Sikumpa mimi sentensi hiyo. Nilimwonea wivu, nakiri.

Mwana Kupona binti Mshamu aliijua siri hii zamani. Utenzi wake wa mwaka 1858 ni wasia kwa bintiye, mambo mazito ya dini na ya ndoa, lakini kwanza amwita asogee, akae na wino na karatasi. Hujasikia wasia wenyewe, ushamwona msichana ameketi. Tena mizani, yaani silabi, ni 8 tu kila kipande, neno la kujazia likae wapi?

Lugha nayo. Makala ya Maulidi ikimnukuu bibi wa Lamu, bibi na aseme Kiamu: mato, si macho, ndia, si njia. Wanafunzi huona haya, wakidhani ni makosa ya tahajia. Na wahariri wengine hudhani hivyo hivyo. Jarida moja la bara, silitaji, nililipelekea kisa cha kijana wangu ambamo bibi amwita mjukuu, "Ndoo, mwanangu!" Yaani njoo. Mhariri kwa wema wake akaongeza "ya maji". Ikachapwa hivyo. Tangu siku ile tunahakikisha maana inajionyesha humo humo kwenye sentensi: bibi akisema "ndoo", mjukuu ainuke amwendee.

Maisha ya chuo ndiyo huwashinda zaidi, kwa kuwa wanayaishi. Kijana anayevuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kila asubuhi aliniletea "Changamoto za Usafiri kwa Wanafunzi", aya nne. Tatu za kwanza zingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kupanda boti. Ya nne yasema daftari hulifunga kwa leso ya mamake lisirowe, na bado wino wa somo la Jumatatu umechuruzika hadi Jumatano. Tukazifuta zile tatu. Sasa ana maneno themanini, na jarida lataka mia nne. Nimemwambia Alhamisi aje na leso yenyewe.