Je, wajua kwa nini mashine inaweza kusoma oksijeni asilimia 99 na nesi bado akakimbilia mtungi wa oksijeni?

Kile kimashine cha kubana kidole tunakijua wote, Korona ilitufundisha. Kinabana, inatoka 97 au 98, unaambiwa uko poa.

Sasa chukulia ni asubuhi ya baridi kule Njombe, analetwa mama na watoto wake wawili, vichwa vinagonga, wanatapika, wamelegea, homa hamna. Kimashine kinasema 99. Nesi mwenye haraka ataandika malaria au chakula kibaya basi, lakini anayefikiria atajiuliza mbona watatu kwa mpigo, na ataulizia jana usiku jiko lilikuwa wapi. Akisikia la mkaa, lililala ndani na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, ile 99 anaachana nayo kabisa.

Iko hivi. Kimashine hakishiki oksijeni yenyewe, kinapitisha mianga miwili kwenye kidole, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, halafu kinakadiria kwa jinsi damu inavyoifyonza (wazo la Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970). Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania himoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu iliyoshikwa na sumu hiyo, kwa ule mwanga mwekundu, inafanana na damu yenye oksijeni. Ni kama konda anayechungulia na kuona siti zimejaa, kumbe waliokaa hata nauli hawana.

Konda huyohuyo anadanganyika na mgonjwa aliyeishiwa damu, daladala ina siti tatu tu na zote zimekaliwa, anasema imejaa! Rangi ya kucha nayo inaweza kuvuruga namba, mkono wa baridi pia, na utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwa wagonjwa weusi kimashine kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Hilo mimi naona lilipaswa kubandikwa kwenye kila wodi huku kwetu.

Haraka ya mtungi inatoka wapi? Ukivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu inatoka kwenye damu kwa kama saa 4 hadi 5, ukivalishwa maski na oksijeni ya kutosha inashuka kuwa kama saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo maski kwanza, huku daktari anaitwa, na hata namba ikibaki 99 haivuliwi.

Halafu kuna swali ambalo kwenye ile pilikapilika ni rahisi kulisahau, nani mwingine amelala kwenye nyumba ile? Maana baba au dada wa kazi anaweza kuwa bado yuko ndani, watu wakidhani amelala tu.