Hatifungani za serikali na riba ya mkopo wa nyumba

Anayetaka kukopa dola ili ajenge Golf au Kampemba, hapa Lubumbashi, husikiliza habari moja tu: Benki Kuu ya Kongo imepandisha au imeshusha riba yake. Lakini riba hiyo ni ya franka. Agosti 2023 ilipanda kutoka 11% hadi 25%, na mikopo ya dola haikuruka kwa pointi 14. Basi ikishushwa, usikimbilie banki ukidai punguzo. Dola ina bei yake, na bei hiyo huanzia kwenye hatifungani.

Hatifungani ni deni la serikali linalouzwa na kununuliwa. Chukua moja ya dola 1,000 inayolipa 8% kwa mwaka, imebakiza mwaka mmoja. Siku ya mwisho mwenye nayo atapokea dola 1,080, awe aliinunua kwa bei yoyote. Aliyelipa 1,000 anapata faida ya 8%. Wauzaji wakiwa wengi na bei ikaanguka hadi 960, mnunuzi mpya anapata dola 120 juu ya 960 alizotoa, yaani 12.5%. Bei ikishuka, faida inapanda. Wengi hukwama hapa kwa kuwa wanasoma ile 8% iliyoandikwa kwenye hati na kuichukua kama faida ya leo.

Tangu 2019 Hazina ya Kongo imerudi kukopa kwa njia hii, kupitia minada ya Benki Kuu, na wanunuzi wakubwa ni banki zenyewe. Hazina ikimpa mwenye banki 9% kwa dola, hana sababu ya kukukopesha wewe kwa 9%. Serikali haimsumbui na faili, wala hahitaji kwenda kukagua nyumba. Juu ya ile 9% ataongeza gharama zake, hatari ya wewe kushindwa kulipa, na miaka ya mahakamani endapo rehani itabidi iuzwe. Hati ya kiwanja yenye utata huongeza pointi, au hufunga mlango kabisa.

Marekani uhusiano huu unaonekana wazi. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 hufuata faida ya hatifungani ya serikali ya miaka 10, kwa sababu watu wengi huuza nyumba au hubadili mkopo kabla muda haujaisha. Oktoba 2023 faida ya hatifungani hiyo iligusa 5%, na wastani wa riba ya mikopo ukafika 7.79%. Septemba 2024 benki kuu yao ilishusha riba kwa nusu pointi, lakini faida ya hatifungani ikapanda, na Januari 2025 mikopo ilikuwa imevuka 7%.

Kwetu kamba hiyo imelegea. Hati za Hazina ni za miezi au miaka michache, na akiba nyingi zilizo banki mteja anaweza kuzitoa kesho asubuhi. Banki haiwezi kufunga pesa za namna hiyo kwa miaka 20, hata faida ya hatifungani ikishuka. Ndiyo maana muda mfupi wa kulipa mkopo huwaumiza wakopaji kuliko riba yenyewe, ingawa kila mtu anabishania riba.

Riba nayo si ndogo. Dola 40,000 kwa miaka 10 kwa riba ya 10% ni karibu dola 529 kila mwezi. Kwa 12% ni 574. Mwisho wa mkopo tofauti hiyo imefika zaidi ya dola 5,400, pesa inayoweza kusaidia kuezeka nyumba.

Kabla ya kutia sahihi, uliza kama riba imefungwa au inabadilika. Ikiwa inabadilika, mkataba uandike inafuata kipimo gani na hukaguliwa baada ya miezi mingapi. Maneno "kulingana na hali ya soko" yanaiachia banki uamuzi wote. Omba jedwali la malipo lenye bima na gharama za faili ndani yake. Uliza pia faini ya kulipa mapema, kwani faida ya hatifungani ikishuka baadaye na banki nyingine ikakupa riba nafuu, faini hiyo inaweza kumeza punguzo lote. Na kama mshahara wako ni wa franka, piga hesabu ya malipo ya mwezi kwa dola iliyopanda 20% juu ya bei ya leo. Ikiwa hapo hubakiwi na ya chakula, punguza kiasi unachokopa.