Kutoa shaba na kuingiza fibri mu biro: rezo optiki pasivu ni kitu gani

Ukikaa na mafundi wa rezo hapa Lubumbashi hautakawia kusikia mtu anasema shaba itoke mu biro, fibri, ni kusema uzi wa kioo wenye kubeba mwangaza, iingie, na mwenye jengo anayelipa anabaki anajiuliza kama wanamuuzia maneno ao kitu, sababu kwake intaneti inatembea, kable za bluu ziko mu plafo, basi avunje ya nini? Naona swali lake ni la haki kabisa. Jibu liko na upande wa mwangaza na upande wa kuranti, na ule wa kuranti njo mkubwa, hata kama wauzaji wanapenda kuanza na spidi.

Tuanze na rezo ya kawaida, ile karibu wote tuko nayo. Kuko sale moja yenye swichi kubwa, ni kusema mashini ya kugawa rezo, toka pale kable inapanda ku kila etaji, na ku kila etaji kuko armware yenye swichi ingine, na toka ile swichi kila ordinatere, kila simu ya meza, kila kamera na kila boksi ya wifi inavutiwa kable yake ya shaba peke yake. Kable hiyo iko na mpaka wake, metre 100, ni kusema 90 mu ukuta na plafo na 10 za vile vikable vya mwanzo na mwisho, ukipita pale signali inachoka na hakuna tena anayekuhakikishia kitu. Njo maana swichi haziwezi kukaa zote fasi moja, lazima zifuate watu kule waliko. Na swichi inakula kuranti mchana na usiku, inatoa joto, lile joto linaomba klima, na vile kuranti ya hapa tunaijua, kila armware inaomba ondulere yake na betri zake, na betri zinazeeka mbio zaidi mu chumba cha joto. Jengo la etaji nane liko na fasi nane za namna hiyo, kila moja inaweza kuzima saa yake, na kila moja fundi lazima apande na funguo kuiangalia.

Rezo optiki pasivu inatoa vile vituo vyote vya katikati. Ku sale kuu kunabaki mashini moja, mafundi wanaiita OLT, hiyo njo inatuma mwangaza wa leza mu uzi mmoja wa kioo. Ule uzi unapanda ku etaji, unaingia mu kasanduku kadogo kanaitwa splita, splita inagawa mwangaza mara 8, 16, 32 ao hata 64, kisha kila tawi linaenda mpaka ku meza ao ku ukuta wa chumba, kwenye kamashini kanaitwa ONT chenye kazi ya kugeuza mwangaza kuwa prizi ya rezo ya kawaida. Shaba inabaki paka zile metre mbili tatu za mwisho, toka ONT mpaka ku ordinatere. Splita yenyewe haina waya wa kuranti, haina feni, haina programu ya kusasisha, ni njia ndogo zimechorwa ndani ya kioo na mwangaza unajigawa wenyewe. Pasivu maana yake ni hiyo tu: kati ya OLT na ONT hakuna kitu hata kimoja kinachokula kuranti.

Fikiri sasa kuranti inakatika saa nne asubuhi na grupu haijawaka. Mu rezo ya shaba unahitaji ondulere nane ziwe nzima zote, mu rezo hii katikati hakuna cha kuzima, unalinda sale kuu moja na betri nzuri, klima moja, mlango mmoja wa kufunga vizuri. Kwa mji kama huu wetu mimi naona hiyo peke yake inatosha kuanza mazungumzo.

Lakini hapa nataka watu wasikie vizuri, sababu njo fasi wauzaji wanapita mbio: fibri haibebi kuranti. Ile simu ya meza na kamera ya korido zilikuwa zinakula kuranti kupitia kable ya shaba yenyewe, swichi ilikuwa inawapa wati 15,4 ao 30, na zile mpya zinafika mpaka 90. Ukitoa ile kable na kuweka kioo, simu inabaki bila chakula. Kwa hiyo unatafuta ONT zenye kutoa kuranti ku prizi zake, na ile ONT yenyewe unaichomeka ku prizi ya ukuta yenye betri nyuma yake, ao unavuta kable ya mchanganyiko yenye nyuzi za kioo na waya mbili za shaba za kuranti pembeni. Kuranti haijaisha mu hesabu, imehama tu kutoka armware mpaka ku meza, na mtu mwenye hakuiandika mu plan ya jengo siku ya kwanza atajua siku kamera za usiku zimezima. Laptop iko na betri yake, sawa, lakini ONT yake je? Andika orodha ya kila kitu lazima kibaki kinatembea kuranti ikienda, simu za dharura, milango ya kadi, kamera, kisha uliza kila kimoja kitakula wapi.

Turudi ku mwangaza. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, walikuwa wanafanya kazi mu laboratware ya Harlow kule Uingereza, walionyesha kwamba kioo kinaweza kubeba mawasiliano mbali kama tu kikisafishwa uchafu wake, na lengo lilikuwa kupoteza chini ya desibeli 20 kwa kilometre (desibeli ni kipimo cha mwangaza unaopotea), ni kusema hata ukibaki na sehemu moja tu kwa mia ya mwangaza baada ya kilometre moja ilikuwa tayari ushindi. Watu wa Corning kule Marekani walivuka pale mu 1970, na Kao alipewa Nobel ya fizikia mu 2009. Fibri ya leo inapoteza karibu desibeli 0,35 kwa kilometre, maana yake baada ya kilometre nzima unabaki na zaidi ya 90 kwa mia. Kwa hiyo ndani ya jengo urefu hauhesabiki hata, chenye kinakula mwangaza ni splita. Ukigawa mara mbili unapoteza desibeli 3, ukigawa mara 32 inafika karibu 17, unaongeza nusu desibeli kwa kila konekta, ile fasi fibri inaunganishwa, na GPON, namna ya kawaida ya rezo hii, inakuruhusu kupoteza mpaka 28. Inabaki nafasi ya kutosha, na mfumo wenyewe umepangwa kufika kilometre 20.

Njo maana wenye kampasi kubwa wanafaidika kuliko wote, universite, hopitali yenye majengo mbalimbali, site ya mine yenye biro pale, gereji kule na kampu ya wafanyakazi mbali. Metre 100 za shaba haziwezi kitu pale. Na kuko mambo ya radi pia: mu msimu wa mvua hapa kwetu, kable ya shaba yenye kutoka jengo moja mpaka lingine inaweza kuleta pigo la umeme mpaka ndani ya swichi na kuunguza mashini ku pande zote mbili, kioo hakipitishi umeme. Angalia tu fibri ya nje isiwe na waya wa chuma wa kuishikilia, ao kama uko, ufungwe ku ardhi vizuri. Wezi nao, wale wanachimba kable juu ya kuuza shaba, kioo hakina bei kwao, ijapokuwa wengine watakikata kabla ya kujua, basi weka alama zinazoonekana.

Spidi sasa. GPON, ile ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ilianza kuiandika kama sheria mu 2003, inateremsha gigabiti 2,488 kwa sekonde na kupandisha 1,244, na zote zinapita mu uzi mmoja ule ule sababu mwangaza wa kuteremka na wa kupanda si wa rangi moja, 1490 nanometre kwa 1310, jicho halioni hata mmoja, lakini usichungulie ndani ya fibri yenye kuwaka, leza inaweza kuumiza jicho bila wewe kujua. Ile 2,488 wanagawana watu wote wa splita ile. Kama ni 32 na wote wanavuta pamoja sekonde ile ile, kila mmoja anabaki na megabiti 77 hivi. Mu biro ya kawaida haitokei wote wavute pamoja, na OLT inampa zaidi mwenye kuhitaji. Kwa kuteremka inatuma kwa wote, kila ONT inachukua paka chake, na yale maneno yanaweza kufichwa kwa ufunguo wa AES ili jirani asisome, hakikisha fundi ameuwasha. Kwa kupanda ni sawa kikao cha familia yenye mkubwa mmoja anayegawa maneno, hakuna anayesema mpaka aitwe, na OLT inapima kwanza kila ONT iko mbali gani ili zamu zao zisigongane njiani. Ukitaka zaidi kuko XGS-PON, mdogo wake GPON mwenye mbio zaidi, ya gigabiti karibu 10 kila upande, na uzuri wake ni kwamba uzi wa kioo na splita vinabaki vile vile, unabadilisha mashini za ncha mbili tu. Shaba haikutupa hiyo kila mara, mara nyingi spidi mpya iliomba kategoria mpya ya kable.

Kwa nani haifai? Biro ya watu kumi na tano ku etaji moja, swichi moja na kable za shaba zinatosha, msidanganywe. Pia kama kazi yenu ni kutumiana mafayili makubwa kati ya meza na meza mchana kutwa, studio ya video kwa mfano, kumbukeni kwamba hata jirani anayekaa metre moja, fayili yake lazima iende mpaka ku OLT na kurudi. Na OLT ikikufa, wote wamekufa, kwa hiyo jengo kubwa linataka splita yenye miguu miwili ya kuingilia, na nyuzi mbili zinazopita njia tofauti mpaka ku OLT mbili, ao angalau kadi mbili za OLT moja.

Halafu vumbi. Ile njia ya mwangaza ndani ya kioo iko na maikrometre 9 tu, na vumbi yetu nyekundu ya saizoni kavu chembe moja inatosha kuiziba, basi konekta inasafishwa kila mara inafunguliwa, hata kama ni mpya toka mu plastiki. Konekta za kijani zimekatwa kwa pembe, za bluu hapana, usizikutanishe. Fibri usiikunje kama waya wa radio, nunua ile ya G.657 yenye kuvumilia kona za nyumba.

Na kabla ya kulipa fundi, muombe karatasi ya vipimo vya kila prizi, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwangaza unaofika. ONT ya GPON ya kawaida inapokea kati ya -8 na -27, ukiona -26 ujue konekta ni chafu ao fibri imekunjwa fasi, kesho kutwa itaanza kukatikakatika na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Na ukiona -6 ni tatizo pia, mwangaza umezidi, inatokea sana mu majengo madogo yenye kuweka splita ya 8 tu na fibri fupi, hapo fundi anaongeza kapunguza-mwangaza ka desibeli 5 ao 10 na anapima tena mbele yako.