Je, wajua kwa nini homa ya kurithi huweza kuziba utumbo wa mtoto?

Homa inapanda ghafla, tumbo linakakamaa, mtoto hataki hata kuguswa. Siku mbili tatu baadaye anacheza. Wiki kadhaa zikipita, yale yale yanarudi. Huo ndio mwendo wa Homa ya Kifamilia ya Mediterania, inayoonekana zaidi kwa Waturuki, Waarmenia, Waarabu na Wayahudi wenye asili ya eneo hilo.

Chanzo ni kasoro katika jeni ya MEFV, iliyotambuliwa mwaka 1997, ambayo kwa kawaida mtoto huirithi kwa baba na kwa mama. Jeni hiyo hutengeneza pirini, protini inayoulinda mwili dhidi ya sumu za bakteria. Ikiwa na kasoro, mlinzi huyu hupiga yowe pasipo mwizi: chembe nyeupe za damu hufurika kwenye utando unaofunika matumbo, nao huvimba.

Mara nyingi utando hupona. Kwa watoto wachache, mashambulio ya kujirudia huacha nyuzi za kovu zinazogandisha sehemu moja ya utumbo na nyingine. Utumbo ukibanwa au kujipinda hapo, chakula hakipiti. Hili huweza kumpata hata mtoto ambaye hajawahi kupasuliwa. Na wapo waliopasuliwa bure, wakaondolewa kidole tumbo kisicho na ugonjwa kwa sababu maumivu yanafanana mno, kisha kovu la upasuaji likaongeza hatari ile ile.

Watoto hawa pia hupata zaidi uvimbe wa mishipa midogo ya damu, wenye madoa mekundu miguuni. Ukuta wa utumbo ukivimba hivyo, kipande kimoja huweza kuingia ndani ya kingine.

Kinachoponza, kwa maoni yangu, ni mazoea: “Ni ile homa yake tu.” Shambulio la kawaida huisha ndani ya siku tatu. Matapishi ya kijani, tumbo linalozidi kujaa, kukosa choo na kutopitisha gesi ya tumbo, au choo chenye damu ni mambo ya kukimbiza hospitali, hata kama mwili hauchemki.

Tangu miaka ya 1970 kinga kuu ni kolkisini, dawa itokanayo na mmea. Humezwa kila siku, hata mtoto akiwa mzima, na huzikinga figo pia zisiharibiwe na ugonjwa huu. Ila nayo huweza kuharisha, kwa hiyo daktari akisikia habari za tumbo huanza kwa kuuliza kipimo cha dawa.